Kushindwa kwa masasisho ya Windows

Kushindwa kwa masasisho ya Windows ni hali ambapo kompyuta inayotumia mfumo wa uendeshaji wa Windows haipokei sasisho lililotolewa na kampuni ya Microsoft, au inalipokea lakini inashindwa kulisakinisha. Hali hii huzikumba kompyuta za mezani na kompyuta mpakato vilevile, ila kompyuta mpakato zina sababu zake za ziada: hutumia betri, mara nyingi hufungwa kifuniko tu badala ya kuzimwa, na wengi huziunganisha na intaneti kwa muda mfupi.

Katika kutafuta chanzo ni muhimu kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni sasisho lisiloonekana kabisa. Mara nyingi hali hiyo si ubovu, bali kompyuta inatii mpangilio fulani au zamu yake haijafika. La pili ni sasisho linaloonekana, likaanza kupakuliwa au kusakinishwa, kisha likakwama na kutoa msimbo wa hitilafu. Hapo kuna kizuizi halisi kinachopaswa kuondolewa. Mtu anayeyachanganya mawili haya huweza kufuta faili za mfumo wakati kompyuta ilihitaji tu kuwashwa upya, au kusubiri kwa miezi wakati diski imejaa.

Aina za masasisho

Masasisho ya Windows husambazwa kwa huduma iitwayo Windows Update, inayopatikana ndani ya Settings, yaani sehemu ya mipangilio ya kompyuta. Aina zake kuu ni hizi:

- Masasisho ya kila mwezi. Hurekebisha kasoro na kuziba nyufa za usalama. Tangu Oktoba 2003 Microsoft huyatoa kwa ratiba maalumu, Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa Afrika Mashariki huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, kulingana na msimu wa huko Marekani. Kila sasisho la mwezi hubeba pia marekebisho ya miezi iliyotangulia, hivyo kompyuta iliyokosa miezi mitatu kwa kawaida haihitaji kusakinisha masasisho matatu.
- Masasisho ya toleo. Huleta toleo jipya la mfumo mzima. Kwa Windows 11 hutoka mara moja kwa mwaka, na hupewa jina kama 23H2 au 24H2. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, na H2 ni nusu ya pili ya mwaka.
- Masasisho ya viendeshi. Kiendeshi ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa fulani, kwa mfano printa, kadi ya sauti au kifaa cha Wi-Fi.

Masasisho mengi hupewa namba inayoanza na herufi KB. Namba hiyo ndiyo utambulisho wa sasisho, nayo husaidia sana wakati wa kutafuta maelezo yake au kulipakua kwa mkono.

Umuhimu wa masasisho

Kompyuta isiyosasishwa huendelea kufanya kazi kama kawaida. Huwaka, huandika barua na hufungua tovuti. Kwa sababu hiyo wengi huona kwamba hakuna hasara. Hasara yake haionekani mpaka siku ambayo ufa ulioachwa wazi unatumiwa na mtu mwenye nia mbaya.

Mfano unaojulikana sana ni WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho lililopewa namba MS17-010, la kuziba ufa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana faili kwenye mtandao. Mwezi uliofuata, kundi lililojiita Shadow Brokers lilitangaza hadharani zana ya kuutumia ufa huo. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilianza kuenea kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtumiaji kubofya chochote, ikifunga faili na kudai fidia. Ilifika katika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza hospitali nyingi za huduma ya afya ya taifa zilivurugika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Sasisho la kuzuia hayo yote lilikuwa limekwisha kutolewa karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizolisakinisha kwa wakati hazikuweza kuambukizwa kupitia ufa huo.

Sababu za sasisho kutoonekana

Zamu haijafika. Sasisho la toleo halipelekwi kwa kompyuta zote siku moja. Microsoft hulitoa kwa awamu. Aidha, ikigundulika kwamba aina fulani ya kompyuta, kiendeshi au programu inagombana na toleo jipya, kampuni huzuia toleo hilo lisifike kwenye kompyuta za aina hiyo mpaka kasoro irekebishwe. Kulilazimisha toleo lililozuiwa hivyo huweza kuleta skrini ya bluu, kukosa sauti au kukosa mtandao.

Masasisho yamesimamishwa. Windows humruhusu mtumiaji kuyasimamisha masasisho kwa majuma kadhaa. Mara nyingi mtu hubofya kitufe hicho akiwa na haraka, kisha husahau. Ukurasa wa Windows Update huonyesha tarehe ambayo masasisho yataanza tena, pamoja na kitufe cha kuyaruhusu mara moja.

Mtandao umewekewa alama ya kupimwa. Windows inaweza kuambiwa kwamba mtandao unaotumika hulipiwa kwa kiasi cha data. Hapo huacha kupakua masasisho mengi yenyewe ili isimalize bando la mtumiaji. Mtandao wa laini ya simu iliyomo ndani ya kompyuta huhesabiwa hivyo tangu mwanzo, na mtandao wa Wi-Fi huweza kuwekewa alama hiyo pia. Kwa wanaotumia hotspoti ya simu, hii ni sababu ya kuangaliwa mapema. Mtumiaji anaweza kuiondoa alama hiyo anapopata mtandao usio na kikomo, au kuruhusu masasisho yapakuliwe hata kwenye mtandao wa kupimwa kupitia sehemu ya Advanced options.

Kompyuta haikai hewani muda wa kutosha. Mwaka 2022 Microsoft ilieleza kwamba, ili kompyuta isasishwe kwa uhakika, inahitaji angalau saa 2 mfululizo na jumla ya saa 6 za kuunganishwa na intaneti baada ya sasisho kutolewa. Kompyuta mpakato inayofunguliwa kwa nusu saa jioni, kisha ikafungwa kifuniko, huenda isifikie kiwango hicho kwa muda mrefu.

Kompyuta inasimamiwa na taasisi. Kompyuta za ofisi, benki au chuo mara nyingi hupokea masasisho kutoka seva ya taasisi, na msimamizi ndiye anayeamua lini. Ukurasa wa Windows Update huonyesha ujumbe kwamba baadhi ya mipangilio inaendeshwa na taasisi. Ujumbe huohuo ukionekana kwenye kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, huenda mipangilio ya mwenye mali wa kwanza ingali ndani yake. Dawa yake ya kudumu ni kusakinisha Windows upya.

Kompyuta haitimizi masharti. Windows 11 inahitaji prosesa ya biti 64 iliyomo katika orodha ya Microsoft, kumbukumbu ya RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, mfumo wa UEFI wenye uwezo wa Secure Boot, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta yenye Windows 10 isiyo na mojawapo ya hayo haitaletewa Windows 11, hata ikisubiriwa kiasi gani. Hata hivyo, katika baadhi ya kompyuta TPM ipo ila imezimwa, na inaweza kuwashwa katika mipangilio ya UEFI. Programu ya PC Health Check ya Microsoft hueleza sharti lipi halijatimizwa.

Toleo limefikia mwisho wa maisha yake. Kila toleo lina muda wake. Kwa Windows 11 ya nyumbani kila toleo la mwaka huhudumiwa kwa miezi 24. Toleo lililopitwa na muda halipati tena masasisho ya kila mwezi mpaka mtumiaji ahamie toleo jipya. Ili kujua toleo, mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha huandika winver.

Sababu za sasisho kushindwa kusakinishwa

Nafasi ya diski haitoshi. Sasisho huhitaji nafasi ya kupakuliwa, ya kufunguliwa na ya kuhifadhi faili za zamani endapo itabidi kurudi nyuma. Kompyuta ndogo zenye hifadhi ya GB 32 au GB 64 ndizo huathirika zaidi.

Mtandao hukatika au huzuiwa. Mtandao wenye kikatizo, programu ya VPN au seva ya kati ya ofisi huweza kuzuia mawasiliano na seva za Microsoft.

Saa na tarehe si sahihi. Mawasiliano na seva hulindwa kwa vyeti vya kidijiti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2012 huviona vyeti hivyo kuwa batili na hukataa kuwasiliana. Katika kompyuta za zamani, tarehe inayorudi nyuma kila inapozimwa ni dalili kwamba betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha.

Faili za sasisho zimeharibika. Umeme au intaneti ikikatika katikati ya kupakua, faili nusu huweza kubaki na kuvuruga kila jaribio linalofuata.

Faili za mfumo zimeharibika. Hapa chanzo huweza kuwa diski inayoanza kufa, virusi, au kuzimwa kwa nguvu mara kwa mara.

Kiendeshi au programu inagombana na sasisho. Viendeshi vya zamani na baadhi ya programu za kukinga virusi zisizo za Microsoft hujulikana kwa tatizo hili.

Huduma imezimwa. Baadhi ya watu husakinisha programu za kuzuia masasisho, na baadhi ya nakala za Windows zisizo halali huja huduma hii ikiwa imezimwa na aliyezirekebisha.

Misimbo ya hitilafu

Msimbo wa hitilafu huonekana kwenye ukurasa wa Windows Update au katika historia ya masasisho. Unapaswa kunakiliwa kwanza kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa huelekeza mahali pa kuanzia.

- 0x80070070: diski haina nafasi ya kutosha.
- 0x80072EE2: kompyuta ilisubiri jibu la seva mpaka muda ukaisha.
- 0x80072F8F: mawasiliano salama yameshindikana, mara nyingi kwa sababu ya saa na tarehe.
- 0x80070422: huduma ya masasisho imezimwa.
- 0x80070002: faili inayohitajika haikupatikana.
- 0x80073712: ghala la vipengele vya Windows limeharibika.
- 0x800F081F: faili za chanzo zinazohitajika kwa ukarabati hazikupatikana.
- 0xC1900101: kwa kawaida kiendeshi kimesababisha usakinishaji wa toleo jipya kurudi nyuma.

Hatua za utatuzi

Hatua hufuatwa kutoka nyepesi kwenda nzito. Baada ya kila hatua sasisho hujaribiwa tena kwa kitufe cha Check for updates, na likifanikiwa hakuna haja ya kuendelea.

1. Kuhifadhi nakala akiba ya kazi muhimu kwenye diski ya nje au flashi, na kuchomeka chaja.

2. Kuwasha upya kwa kutumia Restart. Tangu Windows 8, kuzima kwa Shut down huweza kuacha sehemu ya mfumo ikiwa imehifadhiwa ili kompyuta iwake haraka. Restart huanza upya kabisa, nayo humaliza masasisho yaliyokuwa yakingoja.

3. Kuangalia tarehe, saa na ukanda wa saa, kisha kuangalia kama masasisho yamesimamishwa au mtandao una alama ya kupimwa.

4. Kuongeza nafasi. Sehemu ya Storage ndani ya Settings huonyesha kilichojaza diski na hufuta faili za muda. Folda ya Downloads ichunguzwe kabla ya kuifuta, kwa kuwa ina faili za mtumiaji. Picha na video zinaweza kuhamishiwa nje.

5. Kuondoa vizuizi vya nje: kuzima VPN, kujaribu mtandao mwingine, na kuchomoa printa, flashi na vifaa vingine visivyohitajika.

6. Kuendesha kitatuzi cha Windows Update kinachopatikana katika sehemu ya Troubleshoot ndani ya Settings.

7. Kuondoa faili za sasisho zilizoharibika. Command Prompt hufunguliwa kwa haki za msimamizi, kisha amri hizi huandikwa moja baada ya nyingine:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Amri mbili za mwanzo husimamisha huduma. Ya tatu hubadilisha jina la folda inayohifadhi masasisho yaliyopakuliwa. Mbili za mwisho huwasha huduma tena, na Windows hutengeneza folda mpya. Faili za mtumiaji haziguswi, ila orodha ya historia ya masasisho huweza kutoweka na upakuaji utaanza mwanzo. Mwenye bando dogo alizingatie hilo.

8. Kukarabati faili za mfumo, kwa amri hizi:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Amri ya kwanza hurekebisha ghala la vipengele vya Windows, na kwa kawaida huhitaji intaneti. Ya pili hulitumia ghala hilo kurudisha faili za mfumo zilizoharibika. Ndiyo maana DISM hutangulia. Kila moja huweza kuchukua muda, na huweza kuonekana imesimama kwenye asilimia moja bila kuwa imekwama.

9. Kupakua sasisho kwa mkono. Tovuti ya Microsoft Update Catalog hutafuta kwa namba ya KB. Mtumiaji anapaswa kuchagua faili inayolingana na toleo lake na aina ya prosesa yake.

10. Kusakinisha Windows juu ya Windows iliyopo. Zana ya Microsoft ya kuandaa usakinishaji huweza kurekebisha mfumo huku ikibakiza faili na programu, mtumiaji akichagua hivyo. Hatua hii hupakua GB kadhaa. Ikishindikana, ndipo hufikiriwa kufuta na kusakinisha upya.

Kasoro isiyotokana na mtumiaji

Si kila sasisho linaloshindwa hushindwa kwa kosa la mwenye kompyuta. Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 kwa ajili ya Windows 10, kuziba ufa uliohusu BitLocker, yaani ulinzi unaoficha data kwenye diski. Katika kompyuta nyingi lilikataa na kuonyesha msimbo 0x80070643. Chanzo kilikuwa sehemu ya diski inayohifadhi zana za kuokoa mfumo: ilikuwa ndogo mno kupokea faili mpya. Microsoft ilieleza kwamba sehemu hiyo ilihitaji nafasi huru ya MB 250, na ikatoa maelekezo ya kuipanua kwa mkono. Maelekezo hayo yalikuwa magumu kwa mtumiaji wa kawaida, na kosa dogo katika kugawa diski huweza kupoteza data.

Tukio hilo linaonyesha faida ya kutafuta namba ya KB pamoja na msimbo kabla ya kuanza matengenezo. Tatizo likiwa linajulikana na Microsoft yenyewe, kufuta folda na kusakinisha upya ni kazi bure.

Maeneo yenye intaneti ndogo

Katika maabara ya shule yenye kompyuta 20 na intaneti ya kasi ndogo, kila kompyuta ikipakua sasisho lilelile peke yake, mtandao hulemewa na nyingi hushindwa. Windows 10 na Windows 11 zina kipengele cha Delivery Optimization. Kikiruhusiwa kwa kompyuta za mtandao wa ndani, kompyuta moja ikishapakua sehemu za sasisho huweza kuzigawia jirani zake bila kurudi intaneti. Njia nyingine ni kupakua faili mara moja kutoka Update Catalog na kuipeleka kwa flashi.

Panapokatika umeme mara kwa mara, kompyuta mpakato yenye betri nzima ina nafuu kuliko ya mezani. Betri iliyochoka huondoa nafuu hiyo. Kompyuta ikizimika wakati wa kusakinisha, Windows hujaribu kurudi ilipokuwa. Mtumiaji anashauriwa kuiacha imalize bila kuizima tena kwa nguvu.

Windows 10 baada ya Oktoba 2025

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta binafsi zilizofikia toleo la 22H2 ziliruhusiwa kujiandikisha katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta isiyoandikishwa, hata ikiwa nzima kabisa, haipokei tena masasisho ya usalama ya mfumo. Hapo hakuna amri wala kitatuzi kitakachosaidia. Mwenye kompyuta hubaki na hiari ya kujiandikisha, kuhamia Windows 11 kama masharti yanatimizwa, kununua kompyuta nyingine, au kuhamia mfumo mwingine kama Linux, unaoendelea kusasishwa bure kwenye kompyuta nyingi za zamani.

Tahadhari

Matapeli hutumia vibaya wasiwasi wa watu kuhusu masasisho. Ukurasa wa tovuti unaodai kwamba Windows imepitwa na wakati na kumtaka msomaji apakue faili si Windows Update. Masasisho halisi ya Windows huja kupitia Settings au tovuti za Microsoft. Vivyo hivyo, programu zinazoahidi kurekebisha masasisho yote kwa kubofya mara moja hazihitajiki, kwa kuwa zana zilizotajwa hapo juu tayari zimo ndani ya Windows.

Kuzima masasisho moja kwa moja ili kuondoa usumbufu si suluhisho. Anayehitaji utulivu wakati wa mtihani, mkutano au kazi ya haraka anaweza kuyasimamisha kwa siku chache, kisha kuyaruhusu tena kazi ikiisha.